Vijumba vya zamani vya tambi za udon kule Kagawa, Japani: maswali mnayoniuliza mara kwa mara

Hapa tunaongelea wapi hasa?

Kagawa. Ni mkoa mdogo kuliko mikoa yote ya Japani kwa eneo, uko kwenye kisiwa cha Shikoku, mji wake mkuu ni Takamatsu, na zamani sehemu hii iliitwa Sanuki ndo maana mpaka leo tambi zake zinaitwa Sanuki udon. Watu hawafiki hata milioni moja lakini maduka ya udon yapo mamia kwa mamia, mengine mjini, mengine katikati ya mashamba ya mpunga kabisa, na mwaka 2011 serikali ya mkoa ikaanza kujitangaza kwa jina la Mkoa wa Udon. Sio utani, wapo serious, kwao udon ni chakula cha asubuhi, cha mchana, cha msibani na cha kuhamia nyumba mpya.

Udon ni nini, ni kama indomi?

Hapana, usizifananishe. Udon ni tambi nene nyeupe za ngano, unga, maji na chumvi basi, hazikaangwi wala hazina mayai. Za Kagawa zina kitu wanakiita koshi, yaani ukitafuna zinarudisha, nje laini ndani kuna ugumu fulani mtamu, na pembe zake zinaonekana kwa sababu zimekatwa kwa kisu au mashine sio kuvutwa. Mchuzi wake ni mwepesi, wa rangi ya dhahabu, na asili yake ni dagaa. Nitarudi kwenye dagaa maana hapo ndo mimi nilinaswa.

Wewe kijumba cha namna hii ulikipataje?

Nilikuwa Kobe kwa mambo ya magari, wikiendi haina kazi, nikapanda feri ya kwenda Takamatsu kwa sababu tu nilitaka kuona bahari ya ndani ile yenye visiwa vingi. Asubuhi nikakodi baiskeli nikafuata reli ya Kotoden upande wa kwenda Kotohira, nikatoka mjini, nyumba zikaanza kupungua, mashamba, vibwawa, mashamba tena, na kwenye njia moja nyembamba nikapata harufu ya dagaa wakavu wakichemka, harufu ambayo mtu aliyekulia pwani hawezi kuikosea hata akiwa usingizini. Nikaifuata. Hamna bango. Kuna banda la mabati lenye bomba linatoa mvuke, nje zimepaki pikapu ndogo nyeupe za wakulima na baiskeli ya mwanafunzi, mlangoni kipande cha kitambaa kimening'inia. Ndani nusu ya chumba ni kiwanda: mashine ya kusukuma unga, meza imejaa unga mweupe, sufuria kubwa la kuchemshia limejengewa kwenye jiko, na trei za mbao zenye madonge ya tambi yamepangwa safi safi. Nusu iliyobaki kuna meza mbili na benchi. Mzee anakata tambi, bibi anachemsha na kusuuza, na wateja wanajihudumia wenyewe bila kuuliza chochote kwa sababu wamekuwa wakija hapo maisha yao yote. Bibi akaniangalia akanyoosha kidole kimoja, kisha viwili, yaani donge moja au mawili? Nikasema mawili.

Nikala nimesimama karibu na dirisha kwa sababu benchi lilijaa. Sijui niwaelezeeje. Zile tambi zilikuwa zimetoka kwenye maji dakika hiyo hiyo.

Mbona hutaji jina la mahali?

Kwa sababu wale ni wazee wawili na madonge yao yanaisha kabla ya saa saba mchana hata bila sisi. Nawaambia namna ya kukitafuta cha kwenu, na vipo, nawahakikishia. Ambayo ni maarufu tayari nitayataja huko chini, hayo yamezoea wageni.

Kwanini tambi, na kwanini hapo?

Hili swali nalipenda. Kagawa mvua ni chache kulinganisha na sehemu nyingi za Japani, mito ni mifupi, kwa hiyo tangu zamani watu walichimba mabwawa ya kuhifadhi maji, yapo zaidi ya elfu kumi, na kubwa lake linaitwa Manno ambalo mtawa Kukai alisimamia matengenezo yake mwaka 821. Mpunga unataka maji, ngano haitaki maji mengi, basi wakulima wakawa wanalima mpunga kiangazi na ngano kipindi cha baridi kwenye shamba lile lile. Mchele ulikuwa unaenda kwenye kodi, ngano inabaki nyumbani. Ongeza chumvi iliyokuwa inavunwa pwani ya Sakaide, soya sosi kutoka kisiwa cha Shodoshima, na dagaa kutoka kisiwa kidogo cha Ibuki, yaani karibu kila kinachohitajika kwenye bakuli moja kilikuwa kinapatikana humo humo ndani ya mkoa. 

Wenyeji watakwambia udon ililetwa na huyo huyo Kukai, alizaliwa huko 774 akaenda China mwaka 804 akarudi 806 na ujuzi. Hiyo ni hadithi ya wazee, ipokee kama hadithi. Kilicho na ushahidi ni mchoro wa zamani wa sikukuu ya hekalu la Kotohira, wa enzi ya Genroku (1688 hadi 1704), unaonyesha barabara ya kwenda hekaluni na ndani yake kuna maduka matatu ya udon, mmoja anakanda, mwingine anakata. Miaka mia tatu na kitu iliyopita!

Na hivi vijumba vya viwanda vilianzaje sasa? Ni hivi: kijijini kulikuwa na mtengeneza tambi, mkulima anapeleka ngano yake anapewa tambi, au anauziwa madonge ya kupeleka nyumbani na ya kupeleka madukani. Sasa majirani wakawa wanakuja na bakuli lao na chupa ya soya sosi wanasema nipe moja hapa hapa nile ya moto. Mtengenezaji hakuwa na mgahawa, alikuwa na kiwanda, akaongeza benchi tu. Ndo maana mpaka leo ukiingia unajikuta unakula pembeni ya mashine, na ndo maana navipenda kuliko mgahawa wowote uliopambwa uonekane wa kizamani, hapa hamna aliyepamba chochote, ni kazi inaendelea na wewe umekaribishwa pembeni yake. Ukitaka picha ya haraka kichwani fikiria mama ntilie ambaye pia anasaga unga wake mwenyewe hapo hapo.

Nitajuaje hiki ni kile cha zamani na sio cha watalii?

Angalia mambo kadhaa kwa pamoja. Bomba au dirisha linalotoa mvuke asubuhi. Magari ya kazi yamepaki nje, sio mabasi. Neno seimenjo kwenye maandishi ya ukutani, linamaanisha kiwanda cha tambi, ukiliona 製麺所 kwenye ramani ya simu sogea karibu. Menyu fupi, labda vitu vitano. Bei imeandikwa kwa mkono. Na watu wanatoka haraka, mtu anaingia anakula dakika kumi anaondoka, hakai kupiga stori.

Njia bora kuliko zote ni kuuliza watu. Muulize mwenye duka la baiskeli, muulize dereva teksi, muulize mama wa hoteli yeye anakula wapi. Watu wa Kagawa kila mtu ana lake na atalitetea, nimeona wafanyakazi wawili wa stesheni wanabishana kwa dhati kabisa nani anielekeze wapi. Tena huu mchezo wa kusaka vijumba vilivyojificha una historia, mwishoni mwa miaka ya 1980 jarida moja la huko lilianza kuandika safu ya kusaka maduka ya udon yasiyojulikana, vijana wakaanza kuzunguka na magari kila Jumamosi, miaka ya 1990 ikawa homa ya nchi nzima.

Niende saa ngapi?

Asubuhi. Nasisitiza asubuhi. Vingine vinafungua saa kumi na mbili au saa moja asubuhi, vingi vinafunga saa nane mchana, na vingi vinafunga tambi zikiisha hata kama saa haijafika. Ule muda wa saa nne hivi, kabla wafanyakazi hawajaja kula, ndo mtamu, tambi mpya zinatoka na foleni haijawa ndefu. Ukienda jioni utakuta watu wanafua matambara, na mjini ndo utapata ya jioni lakini sio hivi ninavyovizungumzia.

Nikishaingia nafanyaje, naogopa kuaibika

Usiogope, hamna atakayekucheka. Ukiingia kwenye cha kujihudumia unachukua trei, unasema unataka madonge mangapi. Donge moja linaitwa ichi-tama, mawili ni ni-tama, matatu san-tama, sehemu nyingine wanasema sho, chu, dai, yaani ndogo, kati, kubwa. Ukiwa na njaa ya kawaida ya Mswahili mawili yanakutosha. Unapewa bakuli lenye tambi, kwenye vijumba vya zamani zinakuwa zimeshapoa baada ya kusuuzwa, kwa hiyo unachukua kikapu kidogo cha waya chenye mpini unaweka tambi zako unazamisha kwenye maji ya moto sekunde kumi mpaka ishirini, unakung'uta vizuri (kung'uta kweli, maji yakibaki yanaharibu mchuzi), unarudisha kwenye bakuli. Halafu kuna tangi lenye bomba kama la chai, ndo mchuzi huo, unajifungulia mwenyewe. Njiani unapita kwenye vitu vya kukaanga unachagua kwa koleo unachotaka. Unalipa, vingine unalipa ukishakula na wanakuamini tu useme umekula nini, hiyo imani isichezewe jamani. Vitunguu vya majani, tangawizi iliyosagwa na makombo ya tempura (vile vya kukaanga na rojo la unga) viko mezani, weka utakavyo. Ukimaliza unarudisha bakuli mwenyewe kwenye dirisha la kuoshea, unasema gochisosama, yaani asante kwa chakula, unaondoka.

Meza mnachangia na watu usiowajua. Ukishamaliza inuka, kuna mtu amesimama na trei anasubiri.

Kwa mara ya kwanza niagize nini?

Kake, yaani tambi na mchuzi wa moto basi. Hapo ndo unajua kijumba kina mkono gani. Kama joto limezidi, agiza ya baridi. Kuna mtindo wa hiya-atsu, tambi za baridi kwenye mchuzi wa moto, zinabaki na ule ugumu wake huku mchuzi unakupasha, mimi kwangu huu ndo ushindi. Kamaage ni tambi zimetoka sufuriani moja kwa moja bila kusuuzwa, zinaletwa ndani ya maji yake ya moto unachovya kwenye sosi, hizi ni laini zaidi. Kamatama ni hizo hizo ila unavunjiwa yai bichi juu na soya sosi, unakoroga haraka yai linashikana na moto wa tambi, na duka linalosifiwa kuanzisha hii ni Yamagoe, liko Ayagawa. Yai bichi kama hulitaki acha tu, usijilazimishe, Wajapani mayai yao wanayafuatilia sana ndo maana wanathubutu. Wakati wa baridi ulizia shippoku, inakuja na karoti, figili na mizizi mingine iliyochemka humo, chakula cha kushibisha mtu wa shamba.

Vya kukaanga, chikuwa (samaki wa kusagwa aliyeviringishwa), ngisi, kiazi kitamu, na yai la kuchemsha lililokaangwa na kiini chake bado kinatiririka. Chukua kimoja au viwili, usijaze, tambi ndo mgeni rasmi.

Sijui Kijapani hata neno

Habari njema ni kwamba irabu zao zinatamkika kama zetu, a e i o u, ukisoma neno lilivyoandikwa kwa herufi zetu utaeleweka kuliko Mwingereza. Atsui ni ya moto, tsumetai ni ya baridi, kake, ichi-tama, ni-tama, na arigato gozaimasu ni asante sana. Vidole vinatosha kwa kilichobaki. Na salamu ya kichwa kidogo ukiingia na ukitoka, kwao adabu ni kubwa kama kwetu, mzee anaona.

Kwa Muislamu inakuwaje, ni halali?

Swali linaloongoza hili, na nitalijibu taratibu. Tambi zenyewe ni unga, maji na chumvi, hazina shida. Mchuzi wa Kagawa ni dagaa wakavu (wanaita iriko), mwani wa kombu, wakati mwingine vipande vya samaki mkavu aina ya jodari mdogo, na soya sosi. Nguruwe hamna kwenye mchuzi wa asili wa huku, tofauti na rameni nyingi ambazo supu yake ni mifupa ya nguruwe. Lakini soya sosi ikichachuka kiasili inakuwa na alkoholi kidogo na nyingine zinaongezewa, na wapo wanaotia sake (pombe ya mchele) au mirin (pombe tamu ya mchele ya kupikia) kwenye mchuzi, mirin ina alkoholi kabisa. Hapo masheikh wanatofautiana na mimi sio mwanachuoni, muulize unayemuamini kabla hujasafiri.

Mambo ya wazi ya kukwepa: niku udon, upande huu wa Japani niku kwa kawaida ni ng'ombe ila hajachinjwa kwa utaratibu wetu. Oden, ule mchemsho wa mishikaki unaokaa sufuriani siku nzima, mara nyingi una kano za ng'ombe. Inari, wali ndani ya tofu ya kukaangwa, tofu hiyo mara nyingi inapikwa na mirin. Mafuta ya kukaangia uliza kama kuna raado, mafuta ya nguruwe, tena ukisema butaniku dame wanaelewa nguruwe hapana. Mtu anayetaka kuwa salama zaidi anaagiza donge tupu kutoka sufuriani anaongeza tangawizi, vitunguu na soya sosi yake aliyobeba yenye nembo ya halali, na nimeona hakuna aliyekasirika. Vijumba vya kijijini havina cheti cha halali, usikitafute. Sala ya Ijumaa, mji wa Tadotsu kuna msikiti wa ndugu zetu Waindonesia wanaofanya kazi huko.

Bei?

Rahisi mno. Kake ndogo kwenye vijumba vya zamani ni kwenye yeni 300 hivi, kuna chini ya hapo na kuna juu kidogo, ukiongeza vya kukaanga viwili bado uko chini ya yeni 700. Beba pesa taslimu na sarafu, wengi hawana mambo ya kadi. Bakshishi hamna, usiache hela mezani, watakukimbiza barabarani kukurudishia.

Eti ni lazima kufyonza kwa sauti?

Sio lazima ila ndo inavyolika, tambi ni za moto na ndefu, unazivuta na hewa. Watu wa huko husema udon hazitafunwi sana, zinamezwa, utamu wake unausikia kooni. Mimi natafuna. Kila mtu na koo lake.

Naweza kupiga picha?

Uliza kwanza, nyoosha simu kisha nyanyua nyusi, wataitikia au watakataa. Bakuli lako halina shida. Watu wanaokula na wazee wanaofanya kazi usiwarekodi bila ruhusa, na usisimame njiani na kamera foleni ikiwa imefika mlangoni, tambi zinaharibika zikisubiri, dakika tano tu ule ugumu unaanza kuondoka.

Nafikaje kutoka Osaka au Kobe?

Wenye pasipoti za Tanzania, Kenya na Uganda visa ni lazima, hiyo malizaneni na ubalozi mapema. Kutoka Shin-Osaka treni ya kasi mpaka Okayama haifiki saa moja, hapo unabadilisha unapanda treni ya Marine Liner inavuka Daraja Kuu la Seto, saa moja nyingine uko Takamatsu. Kutoka Kobe kuna basi na kuna feri, feri inachukua kama saa nne na nusu mpaka tano ila unaona visiwa vyote vile. Kabla daraja halijafunguliwa mwaka 1988 kila mtu wa treni alivuka kwa feri za reli kutoka bandari ya Uno, na kwenye sitaha kulikuwa na kijiduka cha udon, watu wa Kagawa waliokuwa wanafanya kazi mbali wakikanyaga feri tu wanakimbilia kula, kwao hapo ndo wameshafika nyumbani. Wazee wenye umri huo wakikuelezea macho yanabadilika.

Ukiwa Takamatsu: baiskeli ya kukodi, treni ya Kotoden, au ukiweza kuendesha basi kodi gari maana vijumba vitamu viko mbali na stesheni. Kuna pia teksi za udon zenye taa ya bakuli juu ya paa, dereva anakupeleka sehemu anazozijua yeye. Ni ghali kwa mtu mmoja, mkiwa watatu wanne inalipa.

Nina siku moja tu, nitajie basi hata mawili

Sawa. Sakaide kuna Hinode Seimenjo, ni kiwanda cha kweli, sehemu ya kula inafunguliwa saa moja tu kwa siku mchana, kuanzia saa tano na nusu mpaka sita na nusu, na vitunguu unakata mwenyewe kwa mkasi mezani. Foleni ipo lakini inakimbia. Huko huko Sakaide kuna Gamo, unakula nje ukiangalia mashamba. Marugame kuna Nakamura, zamani mteja akiomba vitunguu anaambiwa nenda kachume shambani nyuma ya nyumba. Halafu kama miguu ipo nenda Kotohira ukapande ngazi 785 za hekalu, ukishuka njaa itakuwa imerudi. Madonge madogo madogo kila mahali, ndivyo wenyeji wanavyofanya, maduka matatu asubuhi moja.

Hivi ni sawa na ile migahawa ya Marugame Udon ya London?

Jina limetoka mji wa Marugame wa Kagawa lakini kampuni ilianzia mkoa wa Hyogo, ng'ambo ya bahari. Chakula chao sio kibaya na mtindo wa trei waliuchukua kwenye hivi vijumba, ukiwa London na una hamu nenda. Ila mzee na bibi na banda la mabati huwezi kulikuta pale.

Ni kweli wanakanda kwa miguu?

Ndio, unga ukishachanganywa unafunikwa plastiki safi unakanyagwa, kwa sababu ni mgumu mno kwa mikono, maji ni kidogo. Siku hizi wengi wana mashine ya kufanya hivyo. Kinachonishangaza zaidi ni chumvi: wana kanuni ya zamani ya kipimo kimoja cha chumvi kwa vipimo vitatu vya maji wakati wa joto, sita wakati wa baridi, tano siku za kawaida, kwa sababu joto linalegeza unga na chumvi inaukaza. Mzee haangalii saa wala kipimajoto, anaugusa unga asubuhi anajua. Unga mwingi unaotumika sasa unatoka Australia, tena ngano iliyozalishwa mahsusi kwa tambi, na mkoa umejitahidi kuzalisha mbegu yake inaitwa Sanuki no Yume. Ukiona bango la hiyo jaribu, harufu ya ngano inakuja juu zaidi.

Naweza kupika nyumbani Dar, Mombasa, Zanzibar?

Unaweza na ninafanya. Unga wa ngano nusu kilo, chumvi gramu 25, maji mililita 230 hivi. Yeyusha chumvi kwenye maji, mimina kidogo kidogo, utaona unga umekuwa makombo makavu na utataka kuongeza maji, usiongeze. Kusanya, tia kwenye mfuko msafi mnene, kanyaga kwa kisigino, kunja, kanyaga tena. Pumzisha saa mbili au zaidi. Sukuma mpaka unene wa milimita tatu au nne, nyunyiza unga, kunja, kata. Chemsha kwenye maji mengi sana dakika kumi na kitu, onja, kisha suuza kwa maji baridi huku unazisugua kwa mikono, wengi wanaruka hapa na hapa ndo tambi zinapata ngozi yake.

Mchuzi: iriko wa Ibuki wanachemshwa mara tu wakitoka baharini kisha wanakaushwa, na dagaa wa baharini wa Zanzibar wanaochemshwa na kuanikwa, wale wanaopelekwa mpaka Kongo, wametengenezwa kwa njia hiyo hiyo. Chagua wasio na chumvi kali, ondoa vichwa na matumbo la sivyo mchuzi unakuwa mchungu, loweka usiku kucha, asubuhi pasha moto mdogo, ukikaribia kuchemka toa. Soya sosi kidogo na chumvi. Dagaa wa Mwanza ni wa ziwani, ladha inakwenda kwingine.

Wenye kisukari je?

Bakuli moja dogo, tanguliza mboga, na mchuzi usiumalize wote kwa ajili ya chumvi. Mkoa wenyewe umekuwa na tatizo la kisukari kwa muda mrefu na serikali yao inawahimiza watu hayo hayo.

Vitadumu hivi vijumba?

Vinafungwa, kila mwaka. Wazee wanachoka, watoto wako Osaka na Tokyo, kazi inaanza usiku wa manane na donge linauzwa bei ndogo. Vingine vinapata kijana anayekuja kujifunza miaka kadhaa kisha anarithi sufuria, na nikikutana na hao nakula mawili badala ya moja. Kama una mpango wa kwenda miaka mitano ijayo, nenda mwaka huu.

Nikifika nikakuta kimefungwa?

Angalia mlangoni, kile kitambaa kinachoitwa noren kikiwa nje wapo wazi, kikiwa kimetolewa wamefunga au tambi zimeisha. Siku za mapumziko zinatofautiana, mmoja Jumanne mwingine Jumapili, kwa hiyo usiweke matumaini yote kwa kimoja. Usigonge. Panda baiskeli endelea na barabara, angalia mvuke, kingine hakipo mbali.